Mbuzi Aliyepokelewa Jukwaani

Kwa wale walioniacha wiki iliyopita nimesimama ndani ya gauni lisilo langu, nawakumbusha kwa ufupi nilifikaje humo.

Jina langu ni Masika Rosine. Nimesoma, diploma ninayo, na bado nasalimia watu huku nikitazama viatu vyao. Kwa miaka miwili kazi yangu katika Arusi ya Majivu, mchezo wa nyimbo unaochezwa kwenye sali, ukumbi wa parokia, kule Majengo, ilikuwa kukaa nyuma ya pazia na kuwanong'oneza waigizaji maneno waliyoyasahau. Ilikuwa kazi nzuri. Hakuna aliyeniona.

Mchezo huo umechezwa kila Jumapili tangu baada ya ile volkano ya mwaka 2002, na haujaruka hata Jumapili moja. Volkano iliyofuata ilipotufukuza mjini, tuliuchezea Sake, katika uwanja wa shule, mbele ya wakimbizi wenzetu. Wakati wa korona bibi-arusi alivaa barakoa chini ya shela. Na Jumapili moja ya Januari, vita vilipofika mjini na mabomu yanapita juu ya mabati, tuliuchezea kwenye koridoo ya nyumbani kwa Papa Adalbert, tumelala kwa tumbo, nyimbo zote kwa kunong'ona.

Papa Adalbert ndiye aliyeutunga na ndiye anayeuongoza. Hupenda kutuambia kwamba kule London na New York iko michezo ya nyimbo iliyopita miaka thelathini bila kusimama.

"Tutawafikia," husema. "Na wale wenzetu wako na umeme."

Wiki iliyopita niliwaeleza jinsi Mama Jeanine, bibi-arusi wetu tangu mwanzo na sasa mwenye wajukuu, alivyopiga magoti mbele ya wakwe na magoti yakakataa kumrudisha. Koro, kwaya yetu, ilirudia kiitikio mpaka sauti zikakauka, halafu wanaume wanne wakambeba kama kabati. Papa Adalbert akageuka, akanitazama. Mtu pekee aliyejua maneno yote ya bibi-arusi nilikuwa mimi.

Sasa endeleeni kunihurumia.

Jumapili ikafika. Nikapanda jukwaani, nikapiga magoti, maua kichwani, shela mpaka kidevuni. Kando yangu alisimama Luc Bulonza, bwana-arusi, kijana wa familia ya upande wa Bukavu, karani wa deklarasyo ya mizigo, zile karatasi za ushuru. Kwa miaka miwili nilikuwa nimemtazama mgongo tu, kutoka nyuma ya pazia. Niseme ukweli: hata mgongo ulitosha kuninyima usingizi.

Mambo yalienda vizuri mpaka sehemu ya mahari.

Papa Baharanyi, msemaji wa upande wa bwana-arusi, akasogea mbele na kamba mkononi. Mwisho wa kamba alikuwa Solo, mbuzi wetu. Solo ni mbuzi wa tatu kuicheza nafasi hiyo, na wote tunakubaliana kwamba ndiye mwenye kipaji.

"Tumetoka mbali," Papa Baharanyi akasema, kama anavyosema kila Jumapili. "Tumeona ua ndani ya nyumba hii. Nani ni baba wa huyu binti? Asimame, tumupe kamba."

Hapo husimama Papa Birindwa, anayeigiza baba wa bibi-arusi, na kusema, "Ni mimi." Ni maneno mawili. Kila Jumapili huyasahau, na kila Jumapili nilimnong'oneza.

Lakini mimi nilikuwa mbele ya pazia. Nyuma ya pazia hakukuwa na mtu. Katika mazoezi yote ya wiki ile, hakuna aliyeliwaza jambo hilo, hata mimi mwenyewe.

Papa Birindwa akatulia. Akatabasamu kwa watu. Akangoja.

Nikanong'ona ndani ya shela, "Ni mimi, Papa. Sema, ni mimi." Lakini upande wangu ndio upande wa sikio lake bovu. Shela ikapepea, basi.

"Nani ni baba yake?" Papa Baharanyi akarudia, sasa kwa sauti ya mtu anayeomba msaada.

"Ni miye."

Sauti ilitoka mlangoni. Watu wote waligeuka. Mimi sikugeuka. Sauti ile ndiyo iliyonilipia shule.

Alikuwa Papa Sikuli, baba yangu mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, mfanyabiashara wa Butembo; mimi humwita Baba. Hakutuambia kama anakuja. Alikuwa amezunguka kwa Uganda kwa sababu ya vita, akaingia kwa Bunagana, akafika nyumbani Ndosho, akauliza Masika yuko wapi. Mama akamwambia niko kwa sali ya parokia, kwa sababu nyumbani nilikuwa nimesema ni koro tu. Kwa hiyo mzee akaja kusikiliza koro. Akafungua mlango, akanikuta nimevaa nyeupe, nimepiga magoti, na watu wenye lafudhi ya Bukavu wanamtafuta baba yangu na hawampati.

Alikuwa hajawahi kuona mchezo wa jukwaani maisha yake yote.

Akapita katikati ya viti, kofia mkononi, akapanda jukwaani bila haraka. Watu wetu wa kila Jumapili wanaujua mchezo kuliko sisi. Walipoona kitu kipya baada ya miaka yote hiyo, wakapiga makofi.

"Mbuzi moja?" akauliza Baba.

"Moja, Papa," akasema Papa Baharanyi, kwa kuwa tunaye mmoja.

"Munafikiri huyu mutoto tulimuokota njiani? Huyu iko na diploma."

"Mbuzi zingine ziko zinakuja." Papa Baharanyi huuza mbao, na mapatano hayajawahi kumshinda.

"Zinatoka wapi?"

"Zimekwama mpakani, kwa duane ya Bunagana."

"Kwa duane ya Bunagana nilipita jana. Sikuona mbuzi."

Sali ikavunjika kwa kicheko. Papa Baharanyi akajifuta uso. Baba akamgeukia Luc.

"Na weye, kijana. Unafanya kazi gani?"

Luc akatazama pazia. Kando ya pazia Papa Adalbert alikuwa anazungusha mkono: endelea, endelea.

"Karani, Papa. Deklarasyo ya mizigo."

"Unakunywa?"

"Kidogo."

"Kidogo ya nani? Ya padri ao ya shofa?"

"Ya padri, Papa."

"Ya padri ni mingi."

Mama mmoja wa safu ya mbele alikuwa tayari amelala juu ya jirani yake kwa kucheka. Mimi peke yangu sikucheka. Nilijua neno moja lingetosha: Baba, ni mchezo. Nikainua shela niliseme. Nikaona macho ya Baba yamejaa maji.

Akachukua kamba. Akaiinua juu ya kichwa chake.

"Kasereka, ndugu yangu," akasema, naye Kasereka ni marehemu baba yangu. "Mutoto wako nimemupokelea."

Pazia likafungwa.

Kwetu Wanande, mwenye kushika kamba ya mbuzi mbele ya watu amekwisha kupata mkwe. Na mbuzi akishaliwa, hakuna wa kurudisha neno.

Nyuma ya pazia Papa Adalbert alikuwa anaruka kama kijana.

"Huyu muzee umemutoa wapi? Tumupe nafasi ya kila yenga, kila Jumapili."

"Ni baba yangu mkubwa."

"Bora zaidi."

"Anafikiri ni kweli, Papa."

Papa Adalbert akaacha kuruka. Luc akatazama huku na huku, akauliza swali la maana kuliko yote.

"Solo iko wapi?"

Tukatoka nje. Mama anayeuza maandazi mlangoni akatuambia muzee mmoja mwenye kofia amepanda moto, pikipiki ya kukodi, mbuzi amemkalisha katikati kama mtoto, na ameelekea Ndosho. "Alikuwa anaimba," akasema. "Alinunua maandazi kwangu, na mbuzi pia akamununulia."

Ambao hamjauona mchezo wetu, jueni mwisho wake. Volkano inakula nyumba ya arusi, viti, nguo, kila kitu. Jukwaa linajaa moshi. Halafu ndani ya moshi anatoka mbuzi wa mahari, mzima, analia, na wimbo wa mwisho unaanza. Mbuzi wa sokoni, asiyefundishwa, hawezi. Tulijaribu zamani, akisikia ngoma anaruka juu ya watu. Siku hizi Solo peke yake ndiye anayetembea, anasimama katikati na kulia kwa wakati wake.

"Bila mbuzi hakuna mwisho," Papa Adalbert akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Bila mwisho, leo hatukucheza. Tulicheza chini ya mabomu, halafu tushindwe kwa sababu ya mbuzi moja?"

"Nitaenda," nikasema.

"Moto zinasimama kutembea saa kumi na mbili. Muirudishe ikiwa inapumua. Sisi tutaimba mpaka murudi."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta juu ya moto, gauni la arusi nimelikunja mpaka magotini, Luc nyuma yangu na koti lake la bwana-arusi, tukiruka juu ya mawe ya lava kuelekea Ndosho. Kila tulipopita, wanawake walipiga vigelegele. Mtu mmoja alituombea watoto mapacha.

"Ni bei ya arusi ao bei ya kawaida?" akauliza shofa, dereva wetu.

"Ya kawaida," akasema Luc. Halafu akanisemesha sikioni. "Utamuambia nini muzee?"

"Sijui."

"Weye ndiye unajua maneno yote."

"Ya wengine," nikasema.

Hilo ndilo lilikuwa neno refu kuliko yote niliyowahi kumwambia ambalo halikuandikwa na Papa Adalbert. Hayo mengine yote nilikuwa nikimnong'oneza kwa sababu ya kazi.

Nyumbani tulikuta uwanja umejaa. Majirani, mama wadogo, sufuria za kukopa. Solo alikuwa amefungwa kwenye mti wa parachichi, anakula ndizi aliyopewa na nani sijui. Kando yake Baba alikuwa ameketi kwenye kiti kidogo, kisu mkononi, anakinoa juu ya jiwe polepole kama mtu anayefurahia.

Waliponiona na gauni, na nyuma yangu Luc na koti, walipaza kelele za furaha ambazo nadhani zilisikika mpaka Sake. Nilikuwa nimekuja kukanusha arusi nikiwa nimevaa arusi yenyewe.

Mama akanikumbatia, akalia begani mwangu.

"Mama, ulijua mimi sina mchumba..."

"Nilijua unaogopa kuniambia. Weye hata chumvi ikiisha unaogopa kuniambia. Kwa hiyo muzee aliponiambia arusi nilisema: mutoto wangu, ni vile iko."

Ni kweli kuhusu chumvi.

Nikaenda mbele ya Baba, nikapiga magoti. Luc akapiga magoti kando yangu, kwa mazoea ya jukwaa, na majirani wakasema angalieni adabu ya watu wa Bukavu.

"Baba," nikasema.

"Ngoja kwanza niseme miye." Akaweka kisu chini. "Nimekuja na njia ndefu, mugongo unauma, na njiani nilikuwa najisemea: Masika atazeeka na haya zake. Baba yake aliniachia kazi moja, kusimama mahali pake siku ya mbuzi. Niliogopa nitakufa sijasimama. Leo nimefungua mulango, watu wanauliza baba yake iko wapi. Kama nilichelewa dakika kumi, mungesema hana baba."

Alisema hivyo bila kulia, ndiyo maana mimi nilianza kulia. Nikisema ni mchezo, naivunja siku yake mbele ya mtaa mzima. Nisiposema, Solo anageuka kuwa supu, mchezo unakufa, na Luc anapata mke kwa sababu ya adabu.

Baba akachukua kisu tena.

"Binti anaulizwa mbele ya kisu. Ni desturi. Masika, sema kwa kinywa chako wote wasikie. Tuichinje?"

Majirani wakasogea na sufuria zao. Hata Solo aliacha ndizi.

"Bado," nikasema.

"Bado ni nini?"

"Arusi haijaisha, Baba. Watu wako kwa sali wanatungoja. Mbuzi inapaswa kupita mbele yao kwanza."

Kila neno lilikuwa la kweli. Yote kwa pamoja yalikuwa uongo.

Baba akamtazama Luc. "Hiyo ni desturi ya Bukavu?"

Luc akanyoosha koti lake. "Ni desturi ya upande wetu, Papa. Tangu zamani. Mbuzi inapita, watu wanaimba."

"Na isipopita?"

"Wanasema hakukuwa na arusi."

Baba akainuka, akajipangusa suruali. "Desturi ya mutu haichekwi. Muite moto. Lakini kamba naishika miye."

Tulirudi Majengo kwa moto sita. Mbele, Baba na Solo. Nyuma, mimi na Luc. Halafu Mama, mama wadogo, na jirani mmoja ambaye hakualikwa lakini alikuwa na sufuria.

Kwenye sali hakuna aliyekuwa ameondoka. Nyimbo za mchezo ziliwaishia zamani. Koro ilikuwa imefika kwenye nyimbo za Noeli, na Mama Jeanine aliongoza akiwa ameketi, mguu juu ya benchi. Papa Adalbert alipoona masikio ya Solo mlangoni, alijishika kwenye ukuta.

"Inapumua?"

"Inapumua," akasema Luc.

"Na muzee?"

"Hawezi kuachilia kamba."

"Basi wapite wote wawili."

Moshi ukawashwa. Ngoma ikapigwa. Na ndani ya moshi akatoka Solo, mzima, na nyuma yake Baba yangu mkubwa, anakohoa, kofia kifuani, akisalimia watu kushoto na kulia kama mtu anayeingia kwa wakwe. Solo akasimama katikati. Akalia kwa wakati wake.

Wimbo wa mwisho ulipoanza, watu walisimama. Baba akauimba pia, maneno hakuyajua, akaweka ya kwake kwa Kinande. Luc alinishika mkono, kama ilivyoandikwa. Papa Adalbert alilia nyuma ya pazia kwa sauti ya kusikika. Pazia likafungwa, Jumapili ikahesabiwa, na kama ningekuwa mtu mwenye bahati, hadithi yangu ingeishia hapo.

Baba akamvuta Solo. "Sasa imeisha?"

"Imeisha, Baba."

"Basi twende, kisu kisipoe."

Nilijua nikisubiri tena sitasema kamwe. Pazia halikufungwa vizuri, kama kawaida yake, na watu wa safu za mbele walikuwa wanatuona. Sikuwajali. Kwa mara ya kwanza nilisema na Baba nikimtazama usoni badala ya viatuni.

"Baba, mbuzi huyu si wetu. Ni wa mchezo."

"Mchezo gani?"

"Huu wote. Tunaucheza kila yenga. Hakuna arusi. Yule si msemaji, anauza mbao. Maua haya ni karatasi. Niliogopa kukuambia kule nyumbani kwa sababu ya furaha yako. Nisamehe."

Papa Baharanyi akatazama chini. Papa Birindwa, aliyekuwa amelikumbuka neno lake sasa hivi, akasema, "Ni mimi," na mtu akamvuta koti akae.

Baba akalishika ua moja kichwani kwangu, akalisugua kwa kidole, likatoa sauti ya karatasi. Akatazama moshi uliobaki. Akamtazama Solo, na Solo akamtazama yeye, maana walikuwa wamezoeana. Halafu taratibu akaiweka kamba mkononi mwa Papa Adalbert.

"Hata lile neno nilimuambia ndugu yangu, kwamba nimepokea?"

"Ulimwambia kweli, Baba. Sisi ndio tulikuwa tunacheza."

Akatikisa kichwa mara nyingi, kama mtu anayesikiliza bei asiyoikubali. Kisha akageuka polepole mpaka akasimama uso kwa uso na Luc, ambaye mkono wangu alikuwa bado ameushika, ingawa wimbo ulikuwa umekwisha zamani.

"Mbuzi ni ya mchezo," akasema Baba. "Maua ni ya mchezo. Nimesikia. Na huyu kijana?"

Luc akautazama mkono ule, hakuuachia.

Kule mbele ya pazia, watu waliokuwa wameinuka kwenda nyumbani wakaketi tena.